Ule ushauri wako wa --help

Tanga, Jumamosi usiku

Zuhura shoga yangu,

Salamu zako zimefika. Mama naye anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mimi mzima, ila nina kesi na wewe.

Si wewe uliyeniambia kwamba amri nisiyoijua niimalizie na --help, haitafanya kitu, itanieleza tu? Haya. Juzi nimepewa kifurushi cha programu cha Python, ile lugha ya kuandikia programu, kwenye flashi, jina lake silitaji. Nikaandika python setup.py --help (setup.py ndilo faili lake la kusakinishia), nikaenda kuepua chai. Narudi, maelezo hakuna. Kuna mstari unahesabu megabaiti, na kompyuta inavuta intaneti ya simu yangu. Kifurushi kinakula kifurushi! GB 2 za asubuhi ile ile zikaisha, bando likakata, na hayo maelezo sijayaona mpaka leo.

Nilipolifungua faili ndipo nikaelewa. setup.py ni programu kamili. Python inaanza mstari wa kwanza na kushuka, na anayesoma neno --help ni setup(), kazi ya kusakinisha iliyo ndani ya faili, ambayo kwa kawaida inakaa huko chini kabisa. Huyu bwana aliweka juu yake mistari ya kupakua data, basi --help ikafika shughuli imeshaanza. Angekuwa ameandika kufuta folda, leo ningelia kilio kingine. Na pip download, amri ya kisakinishi cha vifurushi vya Python, ambayo kwa jina ungedhani inapakua tu, nayo ikikuta kifurushi ni msimbo ghafi chenye setup.py huliendesha faili hilo, ili ijue kinategemea nini.

Nikazidi kuchokonoa. Ukiandika npx, amri ya kuendesha vifurushi vya JavaScript, kisha jina la kifurushi, kisha --help, na kifurushi hakipo kwako, kinapakuliwa na kuendeshwa ndipo chenyewe kikujibu. Kosea herufi moja ya jina uone umemkaribisha nani. Tangu npm 7 (kisakinishi kinachokuja na npx) ya mwaka 2020 walau unaulizwa kwanza kama iendelee, lakini nakujua wewe, unabonyeza y kabla hujasoma.

Ila kilichonifanya niandike usiku huu ni -h, ambayo kwenye amri nyingi ni kifupi cha --help lakini si zote, maana Jumatatu unaanza kazi kwenye seva za watu. Kwenye rpm, kisakinishi cha programu cha Linux, h huchora alama za # wakati wa kusakinisha, haina madhara. Kwenye shutdown ya systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux nyingi, -h ni kuzima! Usipotaja muda, mashine inazimwa baada ya dakika 1. Hapo una dakika hiyo hiyo ya kukumbuka shutdown -c ya kughairi, na mikono inatetemeka.

Mimi sasa, setup.py yoyote naifungua kwanza kwa less, amri ya kusoma faili bila kuliendesha. Nikikuta pyproject.toml napumua kidogo, kwa kuwa lile ni faili la maelezo, haliendeshwi. Amri za mfumo naziulizia kwa man: man shutdown inakufungulia ukurasa ulioandikwa, shutdown yenyewe haiguswi.

GB zangu 2 nazidai kwako, ushauri ulikuwa wako. Usitume pesa, nitazila. Nitumie bando lenyewe, na likiwa la usiku pia sawa, nina faili nimelipakua nusu na bado nalitaka.

Shoga yako,
Mwanaidi