Mama, zile tambi nimezipika mwenyewe

Liuzhou, China

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake, na Bibi mwambie baridi ya huku haijaning'oa miguu, aache kuniulizia soksi kwa kila anayepiga simu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya mwaka mpya wa Wachina. Sikukuu hii ikifika mji unahama. Kila mtu anarudi kwao. Bweni zima tulibaki wanne. Hata yule mama wa mgahawa wa pale chini, ninayekula kwake kila Ijumaa, alibandika karatasi nyekundu mlangoni akaenda kijijini. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikaingia dukani nikanunua tambi kama anazopika yeye, ila za pakiti.

Tambi zenyewe ni zile nilizokutajia kwenye simu ukanyamaza. Ndiyo, za konokono. Tulia kwanza. Konokono wa mtoni wanachemshwa saa nyingi pamoja na mifupa ya nguruwe, mdalasini na viungo vingine mpaka mchuzi ukolee, kisha wanachujwa. Kwenye bakuli la pale chini sijamkuta hata mmoja. Watu wa jumuiya wakikuuliza, mwanao hajala konokono, kanywa mchuzi.

Na kinachonuka si konokono, ni machipukizi ya mianzi yaliyovundikwa mpaka yakachachuka. Unakumbuka ukitoka sokoni Mgandini na papa mkavu kwenye kikapu, daladala nzima inageuka kututazama, nami najifanya sikujui? Basi harufu hii na ile ni mtu na mdogo wake. Wiki za mwanzo nilikuwa navuka barabara kuikwepa. Siku hizi ikinifikia kwenye kona mate yananijaa.

Chakula hiki ni cha hapahapa Liuzhou. Mto umeuzungushia mji mkono karibu pande zote, ndiyo maana unaitwa mji wa birika. Miaka mingi kilikuwa chakula cha usiku tu, cha vibanda vya mtaani. Mwaka 2014 ndipo wakaanza kukitia kwenye pakiti kiwandani, na korona ilipofungia watu ndani mwaka 2020, nchi nzima ikaagiza mpaka viwanda vikazidiwa. Mwaka uliofuata serikali ikauingiza ufundi wa kukipika kwenye orodha ya urithi wa taifa. Nikawaza, sisi mchuzi wetu wa papa nani kauandika popote?

Sasa hiyo pakiti. Nilidhani ni kama tambi za pakiti za dukani kwetu: maji ya moto, dakika mbili, kwisha. Thubutu! Nimeifungua nikakuta vipakiti vinane, kila kimoja na mambo yake. Tambi kavu za mchele, mchuzi mzito uliogandamana, mianzi, kunde changa zilizotiwa siki pamoja na uyoga mweusi, karanga, mafuta ya pilipili, siki, na utando wa soya uliokaangwa ukawa kama kaukau. Kile cha mianzi kilikataa kuchanika, nikakiuma kwa meno, maji yake yakanirukia kwenye sweta lile ulilonifumia. Nimelifua mara mbili. Bado.

Tambi unazichemsha dakika kumi, unamwaga maji, unazisuuza kwa maji baridi, ndipo unaanza upya na maji mengine na ule mchuzi. Mimi nikamimina kila kitu kwa mpigo mmoja. Mama mmoja mtu mzima anayelinda mlango wa bweni akaifuata harufu mpaka jikoni kwetu ghorofa ya nne. Nikajua leo nafukuzwa. Akachungulia sufuria, akacheka hadi akashika kiuno, kisha akachukua vijiti na kuanza kuopoa ule utando kipande kimoja kimoja, anaupanga kwenye kisahani. Kichina changu bado cha kuokoteza, ila nilimwelewa: huu unawekwa mwisho, juu kabisa, uzame nusu, nusu ibaki ikilia mdomoni. Akaniangalia kama wewe unavyonitazama nikitia tui zito kabla samaki hajaiva.

Tukala wote wawili. Kusema kweli, mchuzi wamejitahidi kuliko nilivyotegemea, na tambi za mchele hazikuvurugika. Kilichokosekana ni mboga za majani mabichi, na mguu wa bata wa kukaanga uliolowa mchuzi mpaka nyama inajivua yenyewe. Tena ukila peke yako chumbani hakuna wa kukuuliza unataka pilipili kiasi gani. Yule mama wa chini ananiuliza kila Ijumaa, na kila Ijumaa haniamini, anatia nusu ya nilichosema.

Kuna mwenzetu wa Muheza anarudi nyumbani mwezi ujao, nimempa pakiti mbili akuletee. Jirani wa mlango wa pili usimpelekee, kuna ile mifupa ya nguruwe. Yeye mpe majani ya chai niliyofunga pembeni. Mianzi usiitupe ukidhani imeoza, ndivyo ilivyo. Maji ya kwanza mwaga. Ule utando weka mwisho, nisije nikaaibika kwa yule mama wa mlangoni. Na upikie uani, kwenye jiko la mkaa, nguo zilizoanikwa ukiwa umeshazianua.

Ni mimi mwanao