Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO: Waliofiwa wasiuziwe marehemu wao

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo shirika lako limeitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani.

Kwenye simu yangu kuna sauti ya baba, sekunde 14 tu. Anakohoa kidogo, kisha anauliza: "Umeshakula, mama?" Tulimzika Tanga miaka mitatu iliyopita. Mwezi ule wa kwanza, angenijia mtu akaniambia fahamu za baba zinaweza kurudishwa ndani ya roboti, ningeuza kiwanja. Ningeuza hata kitanda.

Wapo wanaolitafuta jambo hili kwa dhati. Mrusi Dmitry Itskov alianzisha mradi wake mwaka 2011, akauwekea 2045 kuwa mwaka wa kufikia lengo la kuihamishia nafsi ya mtu kwenye mwili wa kutengenezwa. Sigombani na utafiti. Kinachonitia hofu ni biashara. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani, Nectome, ilikuwa na orodha ya wanaosubiri, kwa amana ya dola 10,000 yenye kurejeshwa, ili ubongo wao uhifadhiwe kwa dawa na siku moja kumbukumbu zao zisomwe na kompyuta. Dawa hiyo ilitakiwa mteja aanze kutiwa angali hai. Chuo cha MIT kikavunja ushirikiano nao.

Na sayansi yenyewe imefika wapi? Kuna mnyoo wa milimita moja mwenye seli za neva 302. Ramani ya jinsi zinavyoungana ilichapishwa mwaka 1986, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumfanya mnyoo huyo aishi kikamilifu ndani ya kompyuta. Ubongo wa mtu una seli hizo kama bilioni 86. Hata tukifika huko, nani atanihakikishia kwamba anayeniuliza kama nimekula ni baba, si mashine iliyokariri maneno yake?

Novemba 2025 nchi wanachama zilipitisha mapendekezo kuhusu maadili ya teknolojia ya neva, yaani ile inayosoma au kuathiri ubongo na mishipa ya fahamu. Mnapozisaidia serikali kuyatekeleza, nawaomba mzisisitizie hili: mgonjwa mahututi au mtu aliyefiwa asitozwe hata senti kwa ahadi kwamba fahamu za mtu zitarudishwa ndani ya mashine baada ya kifo. Na kila mkataba wa kuhifadhi ubongo useme kwenye ukurasa wa kwanza, kwa lugha anayoielewa mteja, kwamba hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kurudi kwa njia hii.

Ile sauti sijaifuta. Huwa naisikiliza usiku, hasa nikichelewa kula.

Wako,
Binti wa marehemu, Tanga