YAH: Malalamiko kuhusu safari ya magofu ya Wamaya nchini Meksiko, na madai ya kurejeshewa fedha

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uwakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea majibu yenu kwa barua pepe, aya mbili na samahani moja, mkieleza kwamba sehemu za ratiba ambazo hatukuziona zilishindikana kwa sababu zilizo nje ya uwezo wenu, hasa mazingira magumu ya msituni. Naandika kwa niaba ya kikundi chetu chote kuyakataa maelezo hayo. Msitu haukutukosea kitu. Mvua haikunyesha, barabara zilipitika, boti ilikuwepo na nahodha wake alikuwepo. Kilichokosekana ni muda, na muda mliupanga ninyi.

Niseme kwanza lililo la haki. Suala la viza mlilimudu. Mlituambia mapema kwamba mwenye viza hai ya Marekani hahitaji ya Meksiko, na kweli, uhamiaji walitugongea mihuri bila usumbufu. Hoteli ya Palenque, mji tuliofikia, ilikuwa safi. Hapo sina neno.

Ila kipeperushi chenu hakikuuza hoteli. Kiliuza magofu ya miji ya kale ya Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo lile, ambayo watalii wengi hawayafikii, yakatajwa kwa majina: Yaxchilán, Bonampak na Calakmul. Tuliahidiwa usafiri wa kikundi chetu peke yetu na viingilio vyote kulipwa. Kila mmoja wetu alilipa dola 2,400 kwa ajili ya hayo. Tungetaka magofu maarufu ya Chichén Itzá na ufukwe wa Cancún, tungenunua safari ya bei nafuu zaidi na hata barua hii isingeandikwa.

Siku ya Yaxchilán ratiba ilisema tuondoke Palenque saa 11 alfajiri. Wanaoijua njia ile huondoka saa hizo, kwa sababu hadi Frontera Corozal ni karibu saa tatu kwa barabara ya mpakani, na kutoka hapo barabara hakuna tena: unapanda boti ndefu nyembamba na kuteremka nayo mto Usumacinta, Guatemala ikiwa ng'ambo ya kulia. Sisi tuliondoka saa 3 asubuhi. Basi dogo mlilosema ni letu lilipita hoteli moja baada ya nyingine likikusanya abiria wa wakala mwingine, huku sisi tuliodamka usiku tukisinzia kwenye viti.

Matokeo yake, Yaxchilán tulipewa dakika hamsini.

Sijui kama kuna yeyote ofisini kwenu aliyewahi kufika pale, kwa hiyo nieleze. Unaingilia kwenye jengo la vyumba vya giza wanaloliita Labirinti. Unashika ukuta wenye unyevu, popo wananing'inia juu ya kichwa chako, harufu ya kinyesi chao inakuganda puani, halafu unatokea ghafla kwenye uwanja mrefu wa majani chini ya miti mikubwa, na kima wananguruma huko juu utadhani simba. Jengo namba 33, linalohusishwa na mfalme Yaxun Bahlam wa Nne aliyeshika utawala mwaka 752, liko juu kilimani na ngazi zake ni ndefu na zina utelezi. Kikundi chetu kina watu wazima wa miaka sitini na zaidi. Mnawapandishaje ngazi zile kwa mbio? Nusu yao walibaki chini.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya jengo namba 23. Linta zake mbili, yaani mawe yaliyochongwa yanayolala juu ya mlango, ziko London, kwenye Makumbusho ya Uingereza, na nilishaziona huko. Mojawapo inamwonyesha Bibi K'abal Xook akiwa amepiga magoti, anavuta kamba ya miiba kupitia ulimi wake, na mumewe mfalme amesimama akimshikia mwenge. Tarehe iliyochongwa humo ni ya mwaka 709. Mtafiti Mwingereza Alfred Maudslay ndiye aliyeitoa pale katika miaka ya 1880. Nilitaka kuuona mlango ilipokuwa. Mwongoza watalii wenu hakujua jengo namba 23 ni lipi. Aliniambia nisome vibao, kisha akaonyesha saa yake.

Na huyohuyo, tukiwa botini, alitutangazia kwamba Wamaya walitoweka na hakuna ajuaye walikokwenda. Nahodha aliyekuwa ameshika usukani wa injini nyuma yake ni Mchol. Frontera Corozal ni makazi ya Wachol, na Kichol ni lugha ya Kimaya. Ndiyo aliyokuwa akiongea na kijana wake tangu tulipong'oa nanga. Mimi nimefika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Anayekuvusha kule anajua maji yanapwa saa ngapi, na hakuna atakayekuambia kwamba waliojenga hawana wajukuu. Kiwango hicho si cha juu mno kukidai kwa bei mliyotutoza.

Nahodha, kwa taarifa yenu, alisema hana haraka yoyote. Aliyekuwa na haraka ni mtu wenu, kwa sababu wale abiria wengine walitakiwa kurudishwa Palenque jioni.

Bonampak ni fupi kueleza kwa kuwa hatukuiona. Magari ya nje hayaruhusiwi kufika hadi kwenye magofu. Unashushwa njiani na kuchukuliwa na magari ya jamii ya Walacandon, ambao eneo lile ni lao, na wana bei yao. Jambo hilo si siri. Mtu wenu alionekana kulisikia hapohapo, akatutaka tulipe mfukoni, tukalipa. Tulipofika, walinzi walikuwa wanafunga. Vyumba vitatu vilivyopakwa michoro kuanzia dari hadi sakafu karibu mwaka 790, wapiga tarumbeta, vita, mateka wanaovuja damu vidoleni, tumeviona kwenye kipeperushi chenu tu.

Siku ya Calakmul ndiyo iliyonifanya niamini kwamba aliyeandika ratiba hakufungua ramani. Kutoka Palenque hadi kwenye njia panda ya Calakmul ni zaidi ya kilomita 300, na ukishaingia hapo zimebaki kilomita 60 za barabara nyembamba ndani ya hifadhi, ambako bata mzinga wa mwituni wanakatiza na dereva hawezi kukimbia. Ratiba ilituondoa Palenque saa 4 asubuhi, baada ya kifungua kinywa. Tulifika getini wakaguzi wameshaacha kuingiza magari. Jengo namba 2 la Calakmul lina urefu wa zaidi ya mita 45 na linachomoza juu ya msitu. Mtaalamu wa mimea Cyrus Lundell aliyaona majengo hayo kutoka kwenye ndege mwaka 1931. Sisi tulifanikiwa kuona geti.

Mnadai tulipewa Balamkú kama mbadala wenye thamani sawa. Naomba hili lisirudiwe. Balamkú lilikuwa wazo la dereva, mtu wa jimbo hilo la Campeche, ambaye aliona nyuso zetu na kusema kuna mahali karibu bado pako wazi. Mlinzi alitufungulia mlango, tukaingia ndani ya jengo, na ukutani kukawa na nakshi ya chokaa ambayo bado ina rangi nyekundu, wafalme wameketi juu ya vinywa vya vyura vilivyoachama. Hapo hakuna aliyetuharakisha. Ndiyo nusu saa nzuri kuliko zote katika safari nzima, na kampuni yenu haikuhusika nayo kwa namna yoyote. Bakshishi ya dereva tulichangishana wenyewe, na tungependa mmuongezee ya kwenu.

Madai yetu ni haya. Mturejeshee dola 1,200 kwa kila mmoja, yaani nusu ya malipo, kwa Bonampak na Calakmul ambazo hatukuziona na Yaxchilán tuliyoipita kama wagonjwa wanaowahi dirisha la dawa. Hatudai zote, vitanda tulilalia na chakula tulikula. Pili, mturudishie nauli tuliyolipa kwa Walacandon, risiti nimeambatisha. Tatu, mbadilishe hiyo ratiba kabla hamjaiuza tena, kwani hadi leo iko kwenye matangazo yenu vilevile, pamoja na ile saa 4 asubuhi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kulipa. Baada ya hapo nitaipeleka barua hii pamoja na viambatisho vyake Tume ya Ushindani.

Wako,

Mteja, kwa niaba ya kikundi
(Majina, sahihi na namba za stakabadhi za wote vimo kwenye kiambatisho.)