Barua kwa Mjomba kuhusu saa ya Omega

Biel, Uswisi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba nyote hapo Kiborloni mu wazima na kwamba mvua zimewakuta mkiwa mmekwisha kupanda. Mimi pia ni mzima, na kazi ya karakana inaendelea vizuri. Nimezipokea picha za saa ya Omega, kampuni ya hapa Uswisi, aina ya Seamaster, ambayo yule mfanyabiashara wa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, anataka kukuuzia, nami nimezitazama kwa makini pamoja na fundi ninayefanya naye kazi. Nakuomba usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaimaliza barua hii.

Wengi wetu tukisikia saa feki tunafikiria ile iliyotengenezwa juzi na kubandikwa jina la kampuni kubwa. Hiyo si vigumu kuijua, kwa maana mara nyingi ukifungua mfuniko wa nyuma unakuta mashine ya betri ndani ya saa ambayo usoni imeandikwa kuwa inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Inayonitia wasiwasi zaidi ni saa kuukuu iliyokusanywa kutoka saa kadhaa: mfuniko wa hii, mashine ya ile, na uso uliofutwa kisha ukapakwa rangi na kuandikwa upya, kazi ambayo mafundi wa Mumbai wanaijua sana. Inawezekana kila kipande kikawa cha Omega kweli, na bado saa hiyo isiwe imewahi kutoka kiwandani ilivyo. Hata wakubwa hunaswa. Novemba 2021, katika mnada uliofanyika Geneva, Omega Speedmaster moja ya zamani iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali. Mnunuzi, Mjomba, alikuwa Omega yenyewe, ikiitaka kwa ajili ya makumbusho yake yaliyoko mji huu huu ninaoishi.

Sasa nije kwenye saa yako. Muuzaji anasema ni ya mwaka 1955, lakini chini kabisa ya uso, kwenye namba sita, naona maneno SWISS MADE yakiwa na herufi T kila upande. Herufi hizo zinaeleza kwamba rangi ya kung'aa gizani ilitiwa tritiamu, kemikali yenye mionzi inayoifanya iwake, na Omega ilianza kuziandika katika miaka ya 1960. Kwa hiyo ama uso si wa saa hiyo, ama mwaka aliokutajia si wa kweli. Tena amekutumia picha iliyopigwa gizani, mishale yote ikiwaka kijani kama ya saa mpya, akidhani anaisifia bidhaa yake. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, na baada ya miaka 60 hakuna kinachobaki cha kuwaka namna ile. Rangi inayowaka vile imepakwa miaka ya karibuni. Kupaka rangi upya peke yake si wizi, lakini bei aliyokutajia ni ya saa ambayo haijaguswa.

Jambo la pili ni tarehe. Saa iliyo pichani ina kidirisha cha tarehe upande wa namba tatu. Ukifunguliwa mfuniko wa nyuma, tazama namba iliyogongwa upande wake wa ndani. Kama saa ni ya miaka ya 1950, kwa kawaida namba hiyo huwa na tarakimu nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Omega iliingia katika utaratibu mwingine, ambapo saa za kiume zinazojijaza na kuzuia maji huanza na 166 zikiwa na tarehe, na 165 zikiwa hazina. Ukikuta 165 nyuma huku usoni kuna tarehe, basi sanduku, yaani mwili wa saa, na uso vilikutanishwa ukubwani, na huna haja ya kubishana naye zaidi.

Mashine nayo ina usemi wake. Omega nyingi za wakati huo zina mashine yenye rangi ya shaba nyekundu, iliyochongwa jina la kampuni, namba ya aina yake na namba ya utambulisho. Namba ya utambulisho ikiwa karibu na milioni 15, mashine ni ya katikati ya miaka ya 1950. Ikifika milioni 20, tumeshaingia miaka ya 1960. Umri wa mashine, wa mfuniko na wa uso ni lazima upatane. Kioo ndicho ninachoweza kukisamehe: cha asili ni cha plastiki na kina alama ndogo mno ya Omega katikati, ila hupasuka na kubadilishwa, na kukosekana kwa alama hiyo hakunisumbui sana.

Uso utazame kwa lenzi ya fundi, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya dukani. Maandishi ya kiwandani huwa membamba, yenye kingo safi, na vistari vya dakika hukaa sawasawa na alama za saa. Katika picha yako naona kistari kilicho juu ya namba nane kimepotoka kidogo, na jina Seamaster lina wino mzito kupita kiasi. Na ukiletewa saa nyingine ya zamani zaidi, isiyo na T, ambayo rangi ya mishale imegeuka kahawia na haiwaki tena, usiruhusu mtu aikwangue wala kuipuliza, kwa kuwa huenda ni radiamu, kemikali yenye mionzi iliyotumika kabla ya tritiamu, na sumu yake haiishi hata kama mwanga umekwisha.

Nenda Arusha na fundi wako wa Moshi, usimtumie yule atakayeitwa na muuzaji. Afungue mbele yako, upige picha ya mashine na ya upande wa ndani wa mfuniko, unitumie hapo hapo. Nitakuwa na simu mkononi. Akikataa kuifungua, mrudishie saa yake na upande basi la kurudi nyumbani.

Msalimie sana Shangazi na watoto, na umwambie Bibi nimezipata dawa alizoagiza.

Wako mtiifu,
Mpwa wako