Jonathan Sewall hatoshi kuitwa kibaraka

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Mapinduzi ya Marekani imemmaliza Jonathan Sewall, mwanasheria aliyekuwa upande wa Mfalme wa Uingereza, kwa neno moja tu: kibaraka. Neno hilo linaificha kazi yake, na ubaya ulikuwa humo kazini.

Sewall aliteuliwa Mwanasheria Mkuu wa koloni la Massachusetts mwaka 1767. Chukueni jalada moja. Tarehe 10 Juni 1768 maofisa wa forodha Boston walikamata Liberty, meli ya John Hancock, mfanyabiashara wa mji huo. Miezi michache baadaye Sewall akamshtaki Hancock mwenyewe na wenzake watano kwa kushusha mapipa makubwa 100 ya mvinyo bila kulipa ushuru. Kila pipa lilithaminiwa pauni 30, na faini ni mara tatu ya thamani: pauni 9,000 kwa kila mshtakiwa! Shauri lilipelekwa Mahakama ya Bahari, ambako hakukuwa na juri, yaani raia wanaoamua kesi. Jaji aliamua peke yake. Faini ilipopatikana, theluthi ilikuwa ya Mfalme, theluthi ya gavana, theluthi ya mtoa habari. Gavana akiwa na fungu lake ndani ya kesi, watu wa Boston wangeiaminije hukumu? Mashahidi walihojiwa miezi kadhaa, na Machi 1769 shauri likaondolewa.

Mwaka huohuo Sewall huyuhuyu alimtetea mtumwa James dhidi ya bwana wake, Richard Lechmere. Awali walishindwa, wakakata rufani, na James akatoka huru.

Simtakasi. Alipewa pia ujaji wa Mahakama ya Bahari ya Halifax (leo nchini Kanada), pauni 600 kwa mwaka, naye akabaki Massachusetts huku naibu akishika kazi. Mwaka 1768 alimpelekea rafiki yake wakili John Adams, baadaye Rais wa Marekani, ahadi ya cheo cha wakili wa Mfalme katika Mahakama ya Bahari. Adams alikataa, na ndiye aliyemtetea Hancock.

Septemba 1774 umati ulivunja madirisha ya nyumba ya Sewall mjini Cambridge, Massachusetts. Agosti 1775 akahamia Uingereza, na mwezi huohuo Hancock akamwoa Dorothy Quincy, dada wa mke wa Sewall. Mshtaki na mshtakiwa wakawa wanyumba, bahari katikati yao.

Sahihisho jingine: barua za gazetini zilizotetea utawala wa Uingereza na kutiwa saini "Massachusettensis" si za Sewall. Ziliandikwa na Daniel Leonard, ingawa Adams aliamini kwa miaka mingi kwamba ni za Sewall. Sewall mwenyewe alijiita "Philanthrop" magazetini.

Msomaji wenu,
Morogoro