Paa za asbesto zisibomolewe kiholela

Mhariri,

Naandika kuhusu nyumba za zamani hapa Kenya ambazo bado zimeezekwa kwa asbesto, yaani vigae vya saruji iliyochanganywa na madini ya nyuzinyuzi. Paa likiwa zima, hatari yake ni ndogo. Balaa huanza fundi anapolipiga nyundo au kulikata kwa msumeno, kisha vipande vikaokotwa kwenda kuezekea banda la kuku. Vumbi lake lina nyuzi zisizoonekana kwa macho; zikiingia mapafuni nyingi hazitoki, na saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40.

Sheria inaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Lakini mwenye nyumba wa kipato kidogo atamlipaje mkandarasi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira? Serikali za kaunti zigharimie kazi hiyo, zikianza na mitaa yao wenyewe ya kupangisha.