Wati safi hazitoki kwenye kusukuma zaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzetu wa redio ya ridhaa, yaani wanaoongeana hewani kwa kupenda tu, hapa Tanga, hasa wanaorusha kwa amplifaya za valvu (taa za kioo za kukuza mawimbi). Bendi ya mita 40 katika kanda yetu ina kHz 200 tu, toka 7,000 hadi 7,200. Sauti ya SSB (urushaji wa upande mmoja tu wa wimbi) iliyotunzwa huchukua chini ya kHz 3. Ikitapakaa mpaka kHz 8 au 10, watu wawili watatu wamenyimwa pa kuongea, na mara nyingi valvu ni nzima kabisa. Kosa liko kwenye urekebishaji.

Kosa lenyewe ni kuifuata mita ya wati peke yake. Kutoka wati 500 hadi 600 ni nyongeza isiyofika desibeli 1. Anayekusikiliza Mwanza hawezi kuitambua. Ili mita yake ipande hatua moja ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa), nguvu yako lazima iwe mara nne. Kinachomfikia ni mkwaruzo wa zile wati 100 ulizozikamua kwa lazima.

Tuchukue valvu moja ya 3-500Z, gridi (wavu unaoongoza elektroni) imefungwa ardhini, anodi (bamba linalozipokea) ina volti 2,500. Katika kilele cha sauti anodi inywe miliampea 400 na gridi karibu 120, nawe utapata takriban wati 600. Redio nyingi zinazoisukuma amplifaya hutoa wati 100, ilhali valvu hii hutosheka na nusu ya hizo au pungufu. Zinazobaki zote ni sumu.

Mita ya gridi ndiyo ya kuaminiwa. Gridi ikizidi huku anodi haijafika 400, jua kapasita ya kuzungusha ya upande wa antena umeifunga mno. Volti ya anodi inashuka kupita kiasi katika kila wimbi, elektroni zinakimbilia gridi, na vichwa vya mawimbi vinakatwa bapa. Ifungue kidogo: gridi itashuka, anodi itapanda.

Fanya kazi hii kwenye mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), si hewani. Anza na wati 20 za msukumo na alama za kitabu cha mashine. Zungusha kapasita ya anodi upate nguvu ya juu, kisha ya antena, rudia mpaka pasiwe na nyongeza. Ongeza msukumo hatua kwa hatua, ukirudia vilevile, na usishikilie zaidi ya sekunde 10 bila kuipumzisha valvu. Mwisho fungua kapasita ya antena kupita kilele, nguvu ishuke kidogo sana, kisha rekebisha ya anodi. Wengi hawafanyi hatua hii ya mwisho, na usafi wote uko hapo.

Ukianza kuongea, sindano ya mita ya wati, inayoonyesha wastani, itacheza kwenye theluthi hivi ya nguvu ya kilele. Ndivyo inavyotakiwa. Anayepaza sauti au kukaza maikrofoni mpaka sindano ilale mwisho ameshaharibu. Pia redio nyingine, hata ukiziweka wati 40, hurusha 100 katika silabi ya kwanza. Hizo ziwekee kipunguza nguvu katikati yake na amplifaya.

Mwenye osiloskopu, chombo kinachoonyesha umbo la wimbi, ajaribu toni mbili zenye nguvu sawa, Hz 700 na 1,900. Vilele viwe vya mviringo, na makutano ya katikati yawe msalaba ulionyooka. Kilele bapa ni msukumo uliozidi au lodi ndogo, yaani kapasita ya antena imefungwa mno. Makutano yaliyobanwa ni bayasi (volti ya kuizuia valvu) iliyozidi, yaani mkondo wa kupumzikia ni mdogo mno. Toni hizo zikichanganyika ndani ya valvu huzaa nyingine kwenye 3,100 na 4,300, na huko ndiko jirani yako wa bendi anakokusikia.

Kuna jambo la umeme wetu wa jioni. Volti 230 zikishuka hadi 200, anodi ya 2,500 inabaki na 2,170 hivi, na filamenti (waya unaowaka ndani ya valvu) ya volti 5 inabaki na 4.35, wakati haitakiwi kwenda chini ya 4.75. Elektroni zinapungua, na mashine iliyokuwa safi mchana inakwaruza usiku. Ipe laini yake toka kwenye bodi kuu, waya wa milimita za mraba 2.5. Kama ni stebilaiza, iwe ya kVA 3, ya mota, maana za rilei hurukaruka katikati ya maneno.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, kama Raskazone, chumvi hutanda kwenye vihami na swichi ya bendi, cheche zikaanza. Safisha kwa spiriti. Lakini kabla ya kufungua boksi, chomoa plagi, subiri, pima kapasita za volti kubwa kwa mita inayostahimili volti hizo, kisha ziunganishe na ardhi kwa fimbo yenye mpini wa kihami. Volti 2,500 zinaua mara moja.

Spika ya TV ya jirani ikitoa sauti yako hata TV ikiwa imezimwa, hilo si la usafi wa mawimbi: waya wa spika umegeuka antena. Uzungushe mara sita au nane kwenye pete ya feraiti, karibu kabisa na amplifaya ya spika hiyo.

Mpenda redio ya ridhaa,
Tanga